Lubumbashi: mwenye magongo akifika kulenga shabaha, nani abadilike?

Sheria ya 2022 inamlinda mtu anayeishi na ulemavu. Lakini kwenye michezo haki hiyo inaanza, ao inakufa, katika somo la kwanza. Mchezo wa upinde, ule uliozaa Paralimpiki, unaonyesha wazi namna gani.

Katika komine ya Lubumbashi, kuanzia katikati ya mji mpaka kwenye njia za kwenda Kamalondo na Kenya, mtu mwenye ulemavu si mgeni. Kuna aliyepooza mguu kwa polio akiwa mtoto. Kuna aliyegongwa na lori kwenye barabara ya Kasumbalesa. Kuna mchimbaji aliyeangukiwa na udongo ndani ya shimo. Na kwa sababu ya vita vya mashariki, kuna waliotoka mbali, Kivu ao Tanganyika, wakiwa na alama ya risasi mwilini. Watu wanawaona sokoni, kanisani, kwenye vituo vya basi. Kwenye uwanja wa michezo wanawaona mara nyingi upande mmoja tu: ule wa watazamaji.

Maneno yanayowaweka upande ule hayasemwi kwa ubaya. "Uyu mutoto atachoka." "Akianguka, tutajibu nini kwa mama yake?" "Tumuache akae pa kivuli." Ni maneno ya huruma. Lakini huruma ile njo inafunga mlango, maana inaamua mahali pa mtu mwingine bila kumuuliza.

Kuna mchezo mmoja unaosaidia kulielewa jambo hili: kulenga shabaha, kwa upinde ao kwa bunduki ya hewa. Si kwamba ni mchezo mkubwa hapa. Lubumbashi ni mji wa mupira, wa TP Mazembe na Lupopo. Ila kwenye shabaha, mgeni akipokewa vibaya inaonekana ndani ya dakika kumi, na akipokewa vizuri inaonekana vilevile.

Mchezo uliozaliwa hospitalini

Ludwig Guttmann alikuwa daktari Myahudi wa Ujerumani aliyekimbia utawala wa Hitler na kufika Uingereza mwaka 1939. Mwaka 1944 alipewa kazi katika hospitali ya Stoke Mandeville: kuwatunza wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo vitani. Wakati ule, mtu wa namna hiyo alilazwa tu na kungojea kufa, kwa vidonda vya kulala na maambukizi ya mkojo. Guttmann alikataa. Aliwageuza wagonjwa kitandani usiku na mchana, akawaketisha, akawapa kazi, kisha akawapa mchezo.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Michezo ya Olimpiki ilipofunguliwa London, watu 16 waliokuwa kwenye viti vya magurudumu, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwenye bustani ya hospitali ile. Mchezo wao ulikuwa upinde. Kutoka pale ndipo ilikuja Paralimpiki. Upinde ulikuwepo Roma mwaka 1960, katika michezo ya kwanza, na haujakosekana tangu siku hiyo.

Michezo ile ya Roma ilifanyika Septemba 1960. Huku kwetu Katanga ilikuwa imejitenga tangu Julai, na redio zilizungumza vita tu. Mwezi ule ule, mwanamke mmoja wa inchi jirani, Margaret Harriman, alishinda dhahabu ya upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alishindania Rhodesia, wakati ambapo Zambia ya leo ilikuwa bado ndani ya shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba mambo haya ni ya Wazungu wa mbali sana. Yalipita karibu na mpaka wetu, sisi tukiwa na shida zingine.

Kongo yenyewe ilifika Paralimpiki kwa mara ya kwanza London mwaka 2012, kwa riadha. Kutoka Roma mpaka pale ni miaka 52.

Kwa nini shabaha?

Shabaha haikimbii. Hilo njo jambo la kwanza. Kwenye mupira, mwenye mguu mmoja anapambana na kasi ya wenye miguu miwili. Kwenye shabaha, kila mtu anapambana na pumzi yake, bega lake na macho yake. Mstari wa kupigia ni mmoja, umbali ni mmoja, alama zinahesabiwa kwa namna moja. Mwaka 1984, kule Los Angeles, Neroli Fairhall wa New Zealand alishindana upinde katika Olimpiki ya kawaida, si Paralimpiki, akiwa ameketi kwenye kiti chake kati ya wanawake waliosimama. Hakuhitaji sheria ya kumpendelea.

Jambo la pili: katika mchezo huu chombo kinaweza kubadilika bila mchezo kubadilika. Mmarekani Matt Stutzman alizaliwa bila mikono. Anashika upinde kwa mguu, na kifaa cha kuachilia mshale kimefungwa begani. Alipata fedha London 2012, na dhahabu Paris 2024. Kule kule Paris, msichana wa Uhindi mwenye miaka 17, Sheetal Devi, naye asiye na mikono, alipata shaba pamoja na mwenzake Rakesh Kumar. Kwenye bunduki ya hewa, Paralimpiki inatenganisha wenye nguvu ya kubeba bunduki wenyewe na wale wanaohitaji kiegemeo cha kuishikilia. Wote wanapiga kwa mita 10, na alama ya katikati ina upana wa nusu milimita. Kuna hata kulenga kwa wasioona: kwa bunduki, sauti kwenye masikio inabadilika kadiri mtungi unavyokaribia katikati ya shabaha, kwa upinde, kijiti kwenye mguu wa chuma kinagusa mgongo wa mkono na kumwambia mpigaji kwamba mkono uko mahali pake.

Na kuna mfano wa zamani zaidi. Károly Takács, mwanajeshi wa Hungaria, alipoteza mkono wa kuume kwa guruneti mwaka 1938. Alijifunza upya kwa mkono wa kushoto, akashinda dhahabu ya bastola katika Olimpiki ya London 1948 na ya Helsinki 1952. London ile ni ile ile ambayo siku ya kufunguliwa kwake wagonjwa wa Guttmann walikuwa wakivuta upinde bustanini.

Mifano hii mikubwa ina hatari yake, tuiseme wazi. Mtu anaweza kuisoma na kufikiri kwamba mlemavu anapokewa akiwa tu shujaa. Hapana. Mtu mwenye miguu miwili anaruhusiwa kuwa mpigaji wa kawaida, anayekosa shabaha jumamosi nzima na kurudi nyumbani akicheka. Mwenye kiti cha magurudumu naye aruhusiwe kukosa.

Somo la kwanza

Kocha anayempokea mtu mpya huwa na kishawishi cha kuuliza: "Ulipata nini? Ni ajali?" Swali lile linampeleka mtu nyuma, kwenye siku mbaya ya maisha yake. Swali la kazi ni lingine: "Unavuta kwa mkono gani? Unaweza kukaa bila kuegemea kwa muda gani? Kuna mahali panauma?" Na linaulizwa kwake mwenyewe, si kwa ndugu aliyemsindikiza. Wengi wanakosea hapo: wanamsalimia mlemavu, kisha wanaanza kuzungumza na yule anayesukuma kiti.

Yanayofuata ni mambo madogo, lakini njo yanayoamua kama mtu atarudi wiki ijayo.

Ardhi. Kuanzia Novemba mpaka Machi, mvua ya Lubumbashi inageuza kiwanja kuwa matope, na gurudumu linazama. Mbao chache ao changarawe iliyoshindiliwa, kutoka getini mpaka kwenye mstari na mpaka chooni, zinafaa kuliko hotuba yoyote ya ukaribisho. Mtu asiyeweza kufika chooni hatarudi, na hatasema sababu.

Kiti na magongo. Kiti kinawekwa ubavu kuelekea shabaha, breki zote zikifungwa, na vya kuwekea mikono vinatolewa kama vinagusa kamba ya upinde. Mwenye magongo apewe kiti kirefu cha kuegemea, na magongo yake yabaki mahali ambapo mkono wake unafika. Kuyachukua "ili yasisumbue" ni sawa na kumfunga mtu miguu.

Upinde wenyewe. Mwanzoni uwe mwepesi, wa kuvutwa kwa nguvu ya kilo 7 ao 9 hivi, na shabaha kubwa iwe mita 5 tu. Baadaye mita 10, kisha 18. Wenye upinde mkubwa katika Paralimpiki wanapiga mita 70, lakini hakuna aliyeanzia hapo. Mwenye mkono mmoja anaweza kuvuta kwa meno, akitumia kipande cha ngozi ao kitambaa kigumu kilichofungwa kwenye kamba. Hilo linahitaji kocha mvumilivu na meno mazuri, basi.

Muda. Aliyeumia uti wa mgongo hasikii makalio yake yakiumia. Inapasa ajiinue kila baada ya dakika chache, ao asaidiwe, la sivyo atapata kidonda cha miezi. Mwili wake pia unaweza kushindwa kujipoza wakati wa joto kali la Oktoba. Aliyepata polio anachoka haraka, na uchovu ule si uvivu. Mwenye ualbino anahitaji kofia, mikono mirefu na kivuli, na pengine asogezwe karibu na shabaha kwa sababu ya macho. Kocha asiyejua mambo haya ataumiza mtu huku akimpenda.

Ishara. Kwenye kila mahali pa kulenga kuna amri: piga, acha, nenda kuchukua mishale. Kwa kawaida ni firimbi. Kiziwi hasikii firimbi. Kwa hiyo amri itolewe kwa njia mbili kila mara: sauti na bendera, nyekundu na kijani. Inakuwa salama zaidi kwa wote, hata kwa yule anayesikia vizuri lakini anazungumza na mwenzake. Na hakuna anayevuka mstari kabla kila upinde haujawekwa chini. Anayetembea polepole ao kwa kiti hasiachwe nyuma akikimbizwa. Wote wanamngojea, ao mwenzake anamletea mishale wakiwa wamekubaliana mbele.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata jambo moja katika hayo linalomwomba mlemavu abadilike kwanza. Ardhi ndiyo inabadilika, na kiti, na ishara, na kocha. Yeye anabadilika kama mwanafunzi yeyote: kidogo kidogo, kwa kurudia.

Upinde huu una historia, na una damu

Kusema "kulenga shabaha" mashariki mwa Kongo si sawa na kusema neno hilo Paris. Watu wengi wa majimbo yetu wamepata ulemavu wao kwa sababu mtu fulani aliwalenga. Kwa mwingine, mlio wa bunduki, hata ya hewa, unarudisha usiku asiotaka kuukumbuka.

Hata upinde hauko safi. Katika jimbo la Tanganyika, ugomvi kati ya Watwa na Waluba ulijaza hospitali watu waliochomwa mishale. Tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa Maï-Maï Kata Katanga waliingia ndani ya Lubumbashi hii hii, na watu walikufa. Mkaaji wa hapa akiona kundi la vijana wenye mapinde, ana haki ya kuuliza wanakwenda wapi.

Lakini upinde una uso mwingine kwetu, wa zamani kuliko ule. Waluba wanasimulia kwamba ufalme wao unatoka kwa Mbidi Kiluwe, mwindaji. Vishikio vya mapinde vilivyochongwa na mafundi wa Kiluba, vyenye sura ya mwanamke, vilikuwa alama ya heshima ya mfalme, na leo vinahifadhiwa katika makumbusho ya dunia. Havikuwa vya kutumika porini. Vilifichwa na kulindwa, maana vilibeba kumbukumbu ya mamlaka. Babu zetu walijua kwamba chombo cha kulenga kinahitaji mahali pake na mlinzi wake.

Wazo lile ni la kufuata. Bunduki katika Kongo zinaongozwa na sheria ya silaha na risasi ya tarehe 3 Septemba 1985, na kuzishika bila ruhusa ni kosa. Kwa kikundi cha mtaa, upinde ndio njia ya karibu na ya amani zaidi, lakini kwa masharti: mishale yenye ncha ya mazoezi, si ya kuwinda, vifaa vyote kuhesabiwa na kufungwa kwa ufunguo baada ya kila somo, hakuna upinde unaotoka na mtu kwenda nyumbani, ukuta wa udongo ao wa magunia ya mchanga nyuma ya shabaha, daftari la majina, na barua kwa bourgmestre kabla ya siku ya kwanza, si baada ya polisi kufika. Na mtu aulizwe kabla, kwa faragha, kama mchezo huu unamfaa. Akisema hapana, si mwoga. Kuna mpira wa kikapu wa viti, kuna tufe, kuna kuogelea.

Guttmann alifanya kazi na watu walioumizwa na vita vilevile. Hakuwalazimisha kusahau vita. Aliwapa mkono na jicho kazi ambayo mwisho wake haukuwa kifo cha mtu, bali tundu kwenye karatasi. Huenda kwa baadhi ya watu wa Kivu na Katanga kazi ya namna hiyo ina maana. Ni wao wenyewe wa kuamua.

Sheria inasema nini

Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 30 cha mkataba ule kinazungumzia michezo na burudani kwa jina. Kisha ikaja sheria-organiki nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Katika mkataba kuna jambo moja ambalo wakaaji wengi hawalijui. Kifungu cha 2 kinasema kwamba kukataa kumfanyia mtu marekebisho ya kufaa, yale yasiyo mzigo wa kupita kiasi, ni ubaguzi. Maana yake ni hii: kikundi cha michezo kikisema "karibu", lakini kikakataa kuweka mbao mbili juu ya matope, hakijamkaribisha mtu. Bendera nyekundu ya kitambaa si mzigo wa kupita kiasi. Kiti kirefu si mzigo. Uwanja mpya wa mamilioni ya dola unaweza kuwa mzigo, na hapo serikali ijibu. Wengi wanachanganya mambo haya mawili, na wanangojea mamilioni ili wasinunue kitambaa.

Nani aanze?

Mashariki haianzi kutoka sufuri. Goma ina kituo cha Shirika la Umoja, Bukavu ina Heri Kwetu, nyumba ambazo kwa miaka mingi zimewatunza na kuwafundisha watu wenye ulemavu wa viungo. Lubumbashi ina hospitali, ina chuo kikuu, ina ma-kiné wanaonyoosha viungo vya watu kila siku, ina maseremala wa kutengeneza kiti na waashi wa kujenga ukuta wa udongo. Kinachokosekana mara nyingi ni watu hawa kukaa meza moja na vyama vya walemavu wenyewe.

Kukaa pamoja huko kuna utaratibu. Kikundi kikiandika kwanza mpango na kuwaita walemavu kuja kuupigia makofi, kosa limeshafanyika. Mwenye kiti ndiye anajua upana wa mlango unaompitisha. Kiziwi ndiye anajua bendera ionekane kutoka wapi. Na baada ya mwaka mmoja ao miwili, mmoja wao awe kocha, maana mwanafunzi mpya anayefika na magongo atasikiliza kwa sikio lingine akifundishwa na mwenye magongo.

Kwa viongozi wa komine na wa jimbo, kuna namna nyepesi ya kupima kama sheria ya 2022 inaishi. Wasihesabu sherehe za tarehe 3 Desemba, siku ya kimataifa ya watu wenye ulemavu, wala fulana zilizogawanywa siku hiyo. Waende kwenye kiwanja chochote cha mji siku ya kawaida, kwa mfano Jumatano saa kumi, bila kamera. Wahesabu ni watu wangapi wenye ulemavu wako ndani ya mchezo, na ni wangapi wamewekwa pa kivuli. Kisha wamuulize mmoja wa wale wa kivulini kama yeye mwenyewe alichagua kukaa pale.